Treni ya Mfano Mbele ya Kamera: Fizikia Tunayoiacha Uani

Tanzania ina reli za mapana matatu. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000 baina ya chuma na chuma. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina milimita 1,067. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ina milimita 1,435. Mwanafunzi wa Kibaha au wa Kisarawe ana bahati ambayo huenda hajaitambua, kwamba reli zote tatu zinapita katika wilaya hizi mbili. Ya Kati na ya umeme zinapita Soga na Ruvu, wilayani Kibaha. Ya TAZARA inaikata Kisarawe na kupita Mzenga.

Si ajabu basi kwamba vijana wa huku wanazipenda treni. Tangu zamani watoto wameziunda kwa maboksi, makopo na nyaya, wakazisukuma mchangani. Jambo jipya ni kwamba siku hizi, baada ya kuziunda, huazima simu ya mzazi au ya kaka na kuzipiga picha za video, kisha hutazamana na kubishana ni ya nani inayofanana zaidi na treni ya kweli. Sisi walimu tumeuona mchezo huo na kuupita. Nadhani tumekosea, na nitaeleza kwa nini, nikianza na kosa langu mwenyewe.

Likizo moja ya Desemba, kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliniletea video aliyoipigia uani kwao. Alikuwa ametengeneza reli ya fito za mbao yenye urefu wa mita 6, na mwishoni akaipinda kona. Injini ilikuwa ya boksi lililopakwa rangi, mabehewa ya bati, magurudumu ya vizibo vya soda. Upana wa reli yake ulikuwa sentimita 4. Kwa kuwa yeye alikusudia kuiga Reli ya Kati yenye upana wa mita 1, alikuwa amepunguza kila kitu mara 25. Yaani kipimo chake, au skeli kama wasemavyo walimu wa jiografia, kilikuwa 1 kwa 25. Treni iliteremka kutoka kwenye kilima cha ubao, ikapita mbele ya kamera kwa sekunde 3 ikirukaruka kama panzi, ikafika konani, ikapinduka na kumwaga kokoto zote. Nilimsifu kwa kazi ya mikono, nikamwambia arudie masomo yake.

Jioni ile nilimwonyesha video hiyo jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya reli. Aliitazama mara mbili, akasema, "Mwalimu, treni hii haina uzito."

Nilimpelekea kijana maneno ya mzee. Siku ya pili akaja na video nyingine. Alikuwa amejaza mawe ndani ya mabehewa mpaka treni ikawa nzito kuinua kwa mkono mmoja. Lakini kwenye picha ilirukaruka vilevile, na konani ilipinduka upesi zaidi kuliko jana. Hapo ndipo niliposhituka. Mzee alikuwa ameona sawasawa, ila dawa ya kijana haikuwa dawa. Mimi ninayefundisha kila mwaka kwamba jiwe zito na jiwe jepesi huanguka kwa mchapuko mmoja, sikuwa nimeona kwamba swali hilo hilo liko mbele yangu kwenye kioo cha simu.

Tulifanye hesabu. Kokoto inayodondoka kutoka juu ya behewa la kweli, kimo cha mita 4, huchukua muda upatikanao kwa kugawanya mara mbili ya kimo kwa mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao ni mita 9.8 kwa sekunde ya mraba, na kutafuta kipeuo cha pili cha jibu. Tunapata sekunde 0.90. Katika treni ya mfano ya 1 kwa 25, kimo hicho ni sentimita 16. Kokoto ndogo itadondoka kwa sekunde 0.18. Kijana alipunguza urefu mara 25, lakini dunia ilimpunguzia muda mara 5 tu, kwa maana 5 ndicho kipeuo cha pili cha 25. Uzito wa kokoto haumo katika hesabu hii hata kidogo. Jicho la mtazamaji, ambalo tangu utotoni limeona vitu vikianguka, linaijua hesabu hii bila kuandika. Likiona kitu kinadondoka kwa sekunde 0.18, linatambua kwamba kimo ni cha kiganja cha mkono. Hilo ndilo mzee aliloliita kukosa uzito.

Sheria hii si ngeni. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alikwisha kuonyesha kwamba mnyama hawezi kukuzwa kwa kipimo kimoja tu cha urefu na kubaki salama, maana mifupa yake haitamudu uzito. Katika miaka ya 1870 Mwingereza William Froude alivuta mifano ya meli katika birika refu la maji, akathibitisha kwamba mawimbi ya mfano hufanana na ya meli ya kweli pale tu mwendo unapopunguzwa kwa kipeuo cha pili cha upungufu wa urefu. Na kila mwanafunzi wa fizikia aliyepata kuning'iniza pendulamu maabarani amekwisha kuchora mstari wa kanuni hiyo: muda wa kubembea hufuata kipeuo cha pili cha urefu wa uzi. Anachora mstari, anapata alama zake, anatoka nje, na hakumbuki tena.

Dawa basi ni kurefusha muda kwa mara 5. Filamu ya sinema huonyeshwa kwa picha 24 kila sekunde. Tukirekodi picha 120 kwa sekunde, kisha tukazionyesha kwa 24, kila tukio litachukua muda mara 5 zaidi, na kokoto ya sekunde 0.18 itadondoka kwa sekunde 0.90, sawasawa na ile ya Soga. Simu nyingi za siku hizi zina uwezo wa kurekodi picha 120 kwa sekunde, na baadhi hufika 240. Mafundi wa sinema walikuwa wakifanya hivi miaka mingi kabla ya simu, kila walipotaka meli ndogo ya bwawani ionekane kuwa ya baharini. (Msomaji aangalie jambo moja: simu nyingi huonyesha picha 30 kwa sekunde, si 24. Hapo picha 120 zitapunguza mwendo mara 4 tu, na kipimo kinachofaa ni 1 kwa 16. Nashauri mwalimu asiliseme darasani, bali angoje mwanafunzi aligundue.)

Hapa huzuka pingamizi ambalo kijana wangu alilileta mwenyewe, nami nilifurahi sana kulisikia. Treni ya kweli iendayo kilomita 36 kwa saa hukata mita 10 kila sekunde. Ukigawanya kwa 25 unapata sentimita 40 kwa sekunde. Kwa nini tusiiendeshe treni ndogo polepole hivyo, tukarekodi kwa kawaida, bila hangaiko la picha 120? Tukijaribu, reli ya mita 6 itapitwa kwa sekunde 15. Njia ya pili ni kuigawanya ile mita 10 kwa 5, tupate mita 2 kwa sekunde. Treni itapita kwa sekunde 3, na kwenye kioo sekunde 3 hizo zitarefushwa kuwa 15. Jibu ni lile lile, na tofauti haimo katika mwendo wa kwenda mbele. Imo katika kila kitu kinachoanguka, kinachobembea na kinachoinama: kokoto, minyororo ya kuungia mabehewa, vumbi nyuma ya gurudumu, behewa lenyewe linapolala konani. Katika njia ya kwanza vitu hivyo hubaki na haraka ya kitoto wakati treni inatambaa. Katika njia ya pili vyote huenda pamoja. Anayepiga picha ya treni tulivu isiyo na kitu cha kudondoka anaweza kuchagua njia ya kwanza bila hasara. Anayetaka mtazamaji asahau kwamba anatazama vizibo vya soda hana budi kuchagua ya pili.

Na wala injini haihitajiki. Kitu kikiteremka bila msuguano kutoka kimo cha sentimita 20 hupata mwendo wa karibu mita 2 kwa sekunde. Kwa kuwa msuguano upo, sisi tuliinua kilima cha ubao hadi karibu sentimita 30, tukapima mwendo kwa kuhesabu picha zenyewe: picha 120 ni sekunde moja, na fito imetiwa alama kila sentimita 10. Saa nzuri kama hiyo haimo katika maabara nyingi za shule zetu, nayo imo mfukoni mwa mwalimu.

Kona nayo ilikuwa na hesabu yake. Kijana alikuwa ameipinda kwa nusukipenyo cha mita 1. Treni ya mita 2 kwa sekunde ikizunguka hapo huhitaji mchapuko wa mita 4 kwa sekunde ya mraba kuelekea ndani, ambao ni 0.41 ya mvutano wa dunia. Nusu ya upana wa reli yake ni sentimita 2, na kitovu cha uzito cha mabehewa yake kilikuwa karibu sentimita 6 juu ya reli. Ukigawanya unapata 0.33. Nguvu ya kupindua ilizidi nguvu ya kushikilia, basi treni ikalala ubavu. Mawe aliyoyarundika yalikipandisha kitovu cha uzito juu zaidi, na ndiyo maana video ya pili ilipinduka mapema. Tulipanua kona hadi nusukipenyo cha mita 3, treni ikapita. Kutokana na kona ile ndogo kijana alielewa habari kubwa: mwendo ukiongezeka mara 4, nusukipenyo hakina budi kuongezeka mara 16 ili msukumo wa upande ubaki ule ule. Reli ya umeme iliyosanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa haikuweza kufuata tu kila pindo la reli ya mwaka 1907.

Nuru ilitupa taabu kuliko yote. Kamera ikirekodi picha 120 kwa sekunde, kila picha hupata muda mfupi mno wa kunywa mwanga, kwa hiyo tuliona giza. Tukaingiza treni barazani chini ya taa mbili za umeme. Picha ikawa angavu lakini ikaanza kupepesa kama mshumaa penye upepo. Nilidhani simu ni mbovu. Sababu ni kwamba umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na taa za bei nafuu hung'aa na kufifia mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Kamera inayotazama mara 120 kwa sekunde hukutana na taa hiyo kwa tofauti ya mara 20, na picha zikipunguzwa mwendo mara 5, tofauti hiyo huonekana kama kupepesa mara 4 kila sekunde. Tulihesabu kwenye kioo, ikawa 4. Tangu hapo tumerekodi juani, saa mbili asubuhi au saa kumi alasiri, jua likiwa limeinama. Jua lina faida nyingine: liko mbali, kwa hiyo vivuli vyote huenda sambamba kama vivuli vya kweli. Taa iliyo karibu hutawanya vivuli kila upande na kumfichulia mtazamaji ukubwa wa chumba.

Kuhusu mahali pa kuweka kamera sina maneno mengi. Jicho la mtu mzima asimamaye kando ya reli liko kama mita 1.6 kutoka ardhini. Kwa kipimo chetu ni sentimita 6.4. Lenzi ya simu iko juu, basi igeuzwe kichwa chini ili lenzi ikaribie ardhi. Iwekwe sentimita 60 kutoka relini, kama mtu asimamaye mita 15, na isishikwe kwa mkono. Vijana wengi huikimbiza treni kwa simu, na picha hutetemeka. Heri kamera itulie, reli iwe tupu kwa sekunde mbili, kisha treni iingie yenyewe na kutoka yenyewe. Wale ndugu wa Ufaransa, Lumière, walioonyesha treni ikiingia stesheni ya La Ciotat mwaka 1896, hawakufanya zaidi ya kuisimamisha kamera mahali panapofaa. Kokoto za chini ya mataruma ni mchanga uliochekechwa: punje ya milimita 2 ni sawa na kokoto ya sentimita 5. Udongo mwekundu wa Kisarawe hauhitaji rangi. Maji yasitumike, tone la maji halikubali kupunguzwa, na Mto Ruvu wa karai huonekana kuwa wa karai. Kioo kilichopakwa rangi ya matope upande wa chini ni bora.

Nilimwonyesha mzee video ya mwisho. Safari hii hakusema habari ya uzito. Aliniuliza kwa nini behewa la tatu linachechemea, na nani amelikagua.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Sipingi, zana iliyo mikononi mwa mwalimu inatosha darasa zima, na ujenzi wenyewe ni kazi ya likizo nyumbani. La pili ni kwamba treni nzuri za mfano hununuliwa. Ni kweli. Huko Ulaya na Marekani kipimo kilichozoeleka ni 1 kwa 87, chenye reli ya milimita 16.5, ambayo ukiizidisha unaipata milimita 1,435. Maonyesho ya Miniatur Wunderland mjini Hamburg, yaliyofunguliwa mwaka 2001, yanatumia kipimo hicho, na ni kazi ya kustaajabisha. Lakini treni ya dukani humjia kijana ikiwa na majibu ndani yake. Mtu mwingine amekwisha kupima upana, amekwisha kukadiria kona, amekwisha kushusha kitovu cha uzito. Tena aliyepunguza urefu mara 87 atahitaji kurekodi zaidi ya picha 220 kwa sekunde ili uzito urudi, na sijui wangapi wamemwambia hivyo. La tatu ni kwamba mtihani hauulizi treni za mfano. Mtihani unauliza mchapuko, kitovu cha uzito, mzunguko wa umeme, lenzi na pendulamu.

Lipo jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko yote hayo. Vijana wanaotaka video ya treni, wakikosa ya mfano, huifuata ya kweli. Treni ya umeme kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa hukata mita 44 kila sekunde; aliyeiona ikiwa mbali mita 200 ana sekunde nne na nusu tu, naye anatazama kioo cha simu ambacho huonyesha vitu kuwa mbali kuliko vilivyo. Juu ya reli hiyo kuna waya wenye volti 25,000. Haifai kumkataza kijana kwenda relini huku tukidharau kile alichokitengeneza uani.

Pendekezo langu ni dogo na linaweza kuanza likizo ijayo ya Juni. Shule za Kibaha zichukue Reli ya Kati na reli ya umeme. Shule za Kisarawe zichukue TAZARA. Shule kongwe za Kibaha na Minaki zisiachiwe kazi hii peke yao, maana shule za kata zenye maabara tupu ndizo zinazoihitaji zaidi. Wote watumie kipimo cha 1 kwa 25, kwa sababu kipeuo chake ni namba kamili na simu inaikubali. Reli zitakuwa za milimita 40, milimita 42.7 na milimita 57.4. Kisha wakutane siku moja na mabehewa yao, na behewa la Kisarawe liwekwe juu ya reli ya Kibaha. Tofauti ni milimita 2.7 tu, lakini halitaingia, na mwanafunzi ataona kwa macho yake kwa nini kule Kidatu ilibidi kijengwe kituo cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja hadi nyingine. Kila video ije na karatasi moja yenye kipimo, idadi ya picha kwa sekunde, kimo cha kilima na nusukipenyo cha kona, pamoja na maneno machache yanayosema wazi kwamba treni hii ni ya mfano. Video isiyo na karatasi isipokelewe, hata ikipendeza namna gani.

Kijana wangu sasa yuko Kidato cha Nne. Anashughulikia sauti. Amegundua kwamba mlio wa bati wa mitetemo 1,000 kwa sekunde, ukipunguzwa mara 5 pamoja na picha, hushuka hadi 200 na kunguruma kama chuma kizito, lakini filimbi aliyoipuliza mwenyewe hushuka vilevile na kuwa mkoromo. Ananiuliza aipulize vipi. Nimemwambia afanye hesabu, na mpaka leo hajaniletea jibu.